Mshamba, mono, analogi: Majina ya kumcheka 'asiyejua' yanamfichua nani?

WIKI chache zilizopita, mwanahabari chipukizi aliniletea taarifa ya mzee aliyetapeliwa katikati ya jiji la Nairobi. Mzee huyo alikuwa ameuza ng'ombe wawili ili amlipie mjukuu wake karo. Aliposhuka kwenye basi, vijana wawili waliovalia suti walimlaki kwa heshima, wakamwita 'baba', na kufikia saa sita mchana hakuwa na hata nauli ya kumrudisha kwake.

Taarifa yenyewe ilikuwa imeandikwa vizuri. Kasoro ilikuwa katika kichwa: 'Mshamba apokonywa karo ya mjukuu jijini'. Nililifuta neno la kwanza, nikaandika 'Mkulima'.

"Mzee, mbona umeliondoa?" binti huyo akaniuliza. "Si ni Kiswahili sanifu? Limo hata kamusini."

Alikuwa na haki ya kuuliza. Limo kamusini, tena kwa maana mbili: mtu akaaye shamba, na mtu asiyejua mambo ya kistaarabu. Sikuwa na wasaa wa kumjibu vilivyo kwa sababu ukurasa ulikuwa ukisubiriwa mitamboni. Makala haya ndiyo jibu nililomkopa siku hiyo.

Kila jamii huwa na majina ya kumbandika mtu anayeonekana kuachwa nyuma na wenzake. Katika Kiswahili tuna zuzu, juha, bwege, mbumbumbu, limbukeni na mshamba. Sheng imetuongezea fala, mono, babi na mengineyo. Aidha, teknolojia nayo imetuletea analogi.

Wengi huyatumia maneno haya kana kwamba yana maana moja. La hasha! Ukiyachunguza kwa makini utagundua kwamba kila moja lina shtaka lake.

Zuzu, bwege na mbumbumbu hushtakiwa kwa upungufu wa akili. Juha yuko katika kundi hilohilo, ingawa ana nasaba ya kipekee. Yeye ni mhusika mashuhuri wa ngano za Kiarabu, na katika ngano hizo ujinga wake mara nyingi huishia kuwaumbua wanaojidai kuwa werevu. Tutarejea kwake baadaye.

Limbukeni hana tatizo la akili. Neno lake linatokana na kitenzi 'limbuka', yaani kuonja mazao ya kwanza ya msimu. Limbukeni basi ni mtu aliyepata kitu kwa mara ya kwanza na asiyeweza kuficha furaha yake. Amenunua gari jana, leo anapiga honi hata anapoegesha.

Mshamba naye hashtakiwi kwa akili wala kwa mwenendo. Shtaka lake ni mahali anakotoka.

Tazama jinsi maneno yenyewe yalivyoundwa. 'Mkulima' limetokana na kitenzi 'lima', kwa hivyo linamtaja mtu kwa kazi ya mikono yake. 'Mshamba' limetokana na nomino 'shamba', na linamtaja mtu kwa ardhi anayoikanyaga tu. Kutokana nalo tumepata 'ushamba', ambao ni hali, na 'kishamba', ambayo ni namna ya kutenda. Lakini hujasikia mtu wa mjini akiitwa 'mmji', wala tabia zake zikiitwa 'ummji'. Aliye mjini hakuhitaji kubandikwa jina kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiyagawa majina.

Mizizi ya mgawanyiko huu ni mirefu. Katika miji ya Pwani ya Afrika Mashariki, hadhi ya mtu ilipimwa kwa maneno mawili: uungwana na ushenzi. Muungwana alikuwa mtu huru, mwenye nasaba, nyumba na adabu za mji. Mshenzi alikuwa mtu wa bara, asiyezijua adabu hizo. Hata neno 'ustaarabu', ambalo leo tunalitumia bila kulifikiria, asili yake ya Kiarabu ni kufanana na Waarabu.

Karne ya 19 ilizidisha pengo hilo. Sultani Seyyid Said alipohamishia makao yake Zanzibar, kilimo cha karafuu kilishamiri visiwani Unguja na Pemba. Maeneo hayo ya mikarafuu ndiyo yaliyoitwa mashamba, na waliofanya kazi huko kwa wingi walikuwa watumwa walioletwa kutoka bara. Mwenye shamba aliishi mjini.

Ikumbukwe kwamba utumwa ulipigwa marufuku kisheria Zanzibar mwaka 1897, na katika ukanda wa Pwani ya Kenya mwaka 1907. Sheria ilimwondolea mtu minyororo, lakini dharau iliyokuwa imeshikamana na mahali alipofanyia kazi ilibaki. Mtu akiambiwa leo kwamba ana mambo ya kishamba, hasikii tena mlio wa minyororo hiyo, lakini imo ndani ya neno.

Walowezi wa Kizungu nao walipofika waliliokota neno 'shenzi' wakalitia katika Kiingereza chao. Wakalitumia kwa mbwa wasio na asili inayojulikana na kwa kila kitu walichokiona hafifu. Hivyo ndivyo mtu wa Pwani aliyemwita mwenzake wa bara mshenzi alivyojikuta naye akitiwa katika kapu hilohilo.

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli. Chini ya ukoloni, Mwafrika alikubaliwa mjini kama kibarua tu. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, wanaume walilazimishwa kubeba kipande, na wengi walikining'iniza shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Mke na watoto walitarajiwa kubaki mashambani. Kwa ufupi, karibu kila Mwafrika wa Nairobi alikuwa mgeni aliyetoka kijijini.

Hapa ndipo pana kinaya. Mji ambao karibu kila mtu alitoka shambani ndio uliokuja kuwa na dharau kubwa kwa mtu wa shambani. Aliyefika mwaka jana alimcheka aliyefika juzi. Jumba la mikutano la KICC lilipokamilika mwaka 1973 likiwa na ghorofa 28, utani uliozagaa ulikuwa kwamba mgeni akisimama chini kuhesabu ghorofa hutozwa faini na matapeli. Mchekaji alisahau kwamba yeye mwenyewe aliwahi kusimama papo hapo, shingo ikimuuma.

Fasihi yetu iliushika mkanganyiko huu mapema. Okot p'Bitek, mwandishi wa Uganda, alipochapisha Song of Lawino jijini Nairobi mwaka 1966, alimpa sauti mwanamke ambaye mumewe msomi, Ocol, anamdharau. Kosa la Lawino ni kutojua dansi za Kizungu, kutojua kutumia jiko la kisasa na kutosoma saa ya ukutani. Tunapomsikiliza Lawino, tunaanza kujiuliza ni nani kati ya wawili hao aliyepotea. Huyu anazijua mila, majira na watu wake. Yule anazijua za wengine pekee.

Watoto waliozaliwa katika mitaa ya mashariki mwa Nairobi, kama vile Pumwani, Kaloleni, Shauri Moyo, Makongeni na Bahati, ndio walioikuza Sheng. Wazazi wao walizungumza lugha tofauti, na uani watoto walihitaji lugha yao. Mtaalamu Chege Githiora, katika kitabu chake cha mwaka 2018, anaieleza Sheng kama mojawapo ya sura za Kiswahili cha Kenya. Kwa muda mrefu walimu walikuwa wakiilaani kama ugonjwa.

Katika Sheng, kijijini ni 'ocha' au 'ushago', neno ambalo wengi hulihusisha na 'gĩcagi' la Kikuyu. Kuambiwa kwamba umetoka ushago jana ni tusi la mshamba katika vazi jipya. Hata hivyo, Sheng ilifanya jambo ambalo Kiswahili cha mjini kongwe hakikulifanya: ilimgeuzia kibao tajiri. 'Babi' ni kijana wa mitaa ya kifahari, anayezungumza Kiingereza puani na asiyejua bei ya nauli ya matatu. Yeye ana mali na elimu, lakini mtaani hajui lolote. Naye huchekwa.

Kwa hivyo, kuachwa nyuma hakumaanishi umaskini. Kunamaanisha kutojua kanuni za uwanja uliomo, na kila uwanja una kanuni zake.

Mwandishi wa makala haya alijifunza hilo akiwa na umri wa miaka 14, alipojiunga na shule ya bweni akiwa na sanduku la bati na ndara mpya. Wanafunzi wa kidato cha kwanza tuliitwa 'mono'. Mono hakuwa na jina, kiti wala maoni. Alichotewa maji ya kuoga na nani? Yeye ndiye aliyewachotea wengine. Lafudhi yangu ya nyumbani iliigizwa kila jioni hadi nikajifunza kunyamaza.

Mama yangu alikuja siku ya wazazi. Alikuwa amejifunga leso, miguuni ana vumbi la safari, na mkononi kiondo chenye viazi vitamu alivyovichemsha usiku. Nilimwona kutoka mbali kabla hajaniona. Nilikwenda mbio kumlaki, si kwa furaha, bali ili nimpeleke nyuma ya bwalo kabla wenzangu hawajamwona. Tulikaa huko, akaniuliza mbona tumejitenga na watu. Nikamwambia kuna kivuli kizuri.

Alivila viazi vichache, vingine akaniachia. Hakuuliza tena. Mama hakuwa mjinga, na nadhani alielewa. Hakuna aliyekuwa ameniambia nimfiche. Neno moja, lililorudiwa jioni baada ya jioni, ndilo lililonifundisha kumwonea haya mtu aliyekuwa akinilipia karo kwa jembe.

Baada ya akili na mahali, shtaka la tatu ni umri. Sheng hubadilika haraka, na haimsamehi anayechelewa. Chukua noti ya Sh500. Kufuatia kampeni za uchaguzi wa 1992, wananchi waliibandika jina 'jirongo', kutokana na Cyrus Jirongo aliyeongoza kundi la vijana la YK'92 lililompigia debe Rais Daniel arap Moi. Kwa kizazi chetu, kusema 'jirongo' kulikuwa ishara ya kuujua mji. Ukilitamka leo mbele ya vijana wa miaka 20, watakutazama kama aliyefufuka.

Hii ndiyo hila ya misimu. Maneno yanayokuthibitisha kuwa wa kisasa ndiyo yatakayokufichua kuwa wa zamani. Mtu anayezungumza Kiswahili sanifu hawezi kutambulika umri kwa urahisi hivyo. Anayejitutumua kwa Sheng hubeba cheti chake cha kuzaliwa ulimini.

Siasa nazo ziliingilia. Katika kampeni za Uchaguzi Mkuu wa Machi 2013, Uhuru Kenyatta na William Ruto walijinadi kama timu ya 'dijitali', huku wakimwita Raila Odinga, aliyefariki Oktoba 2025, 'analogi'. Neno la mafundi wa runinga likawa tusi la kitaifa. Ghafla kila mzee asiyejua kutuma picha kwa simu, kila mwalimu aliyeshika chaki na kila fundi aliyepima kwa kamba alikuwa analogi.

Sitiari hiyo ina ukali ambao wengi hawakuutambua. Mitambo ya analogi haikuachwa izeeke taratibu, ilizimwa. Wakenya waliyaona hayo mwaka 2015, wakati nchi ilipohamia matangazo ya dijitali. Mwezi Februari, vituo vikuu vya kibinafsi vilitoweka hewani kwa majuma kadhaa kutokana na mzozo kuhusu uhamaji huo, na asiyekuwa na king'amuzi alibaki akitazama chenga. Kumwita binadamu analogi, basi, ni kumwambia kwamba muda wake umekwisha na kwamba swichi iko mkononi mwa mwingine.

Lakini mkono huo nao haukawii kubadilika. Mnamo Juni 2024, vijana wa Gen-Z walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha, walipanga mambo yao kupitia TikTok na mijadala ya sauti ya mtandao wa X, bila kiongozi wa kuitwa Ikulu kwa mazungumzo. Waliojiita dijitali mwaka 2013 ndio waliojikuta wakijaribu kuelewa lugha wasiyoizoea. Miaka 11 ilitosha.

Pengine msomaji atauliza: mbona tujishughulishe na utani? Watu wametaniana tangu jadi, na utani wa makabila au wa shemeji na shemeji umewahi kuwa gundi ya jamii. Ni kweli. Lakini katika utani wa jadi kila upande una zamu yake. Leo unanicheka mimi, kesho mimi ninakucheka, na sote tunakula sahani moja. Majina tunayoyajadili hayana zamu. Mshamba hana neno la kumrudishia aliyemwita hivyo.

Fauka ya hayo, neno la kumcheka mgeni linaweza kugeuka likawa neno la kumfukuza. Pwani, 'watu wa bara' na 'wakuja' ni maneno ambayo kwa kawaida hutumika kumtaja tu aliyehamia kutoka kwingine. Agosti 1997, wavamizi waliposhambulia Likoni, waliolengwa walikuwa watu kutoka bara. Watu waliuawa na maelfu wakahama makwao. Katika Bonde la Ufa, 'madoadoa', neno la kawaida la kueleza ngozi ya chui au ya ng'ombe, liligeuzwa kuwa mwito wa kuwaondoa majirani wa kabila lingine.

Si ajabu basi kwamba Aprili 2022, miezi michache kabla ya uchaguzi, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilipotoa orodha ya maneno yanayoweza kuchochea chuki, 'madoadoa' na 'wabara waende kwao' yalikuwamo. Hayakuzaliwa yakiwa sumu. Yalianza kama majina tu ya kutofautisha 'sisi' na 'wao', na hakuna aliyeyatilia maanani.

Simaanishi kwamba anayemwita mwenzake mshamba amebeba panga. Ninachosema ni kwamba maneno haya yote hufanya kazi moja ya awali: humfundisha msikilizaji kwamba kuna mtu ambaye yaliyompata si ya kusikitikiwa. Kichwa cha ile taarifa kilikuwa kikifanya kazi hiyo hasa. 'Mkulima apokonywa' humfanya msomaji awakasirikie wezi. 'Mshamba apokonywa' humfanya atabasamu na kujiambia kwamba yeye hawezi kupatikana hivyo. Lawama inahama kutoka kwa mwizi na kutua kwa aliyeibiwa.

Kisha tujiulize, tunamcheka nani hasa? Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba kati ya Wakenya milioni 47.6, takriban milioni 32.7 walikuwa wakiishi mashambani na milioni 14.8 mijini. Ikiwa kuishi shambani ni aibu, basi zaidi ya thuluthi mbili za taifa hili ni watu wa kuonewa haya. Na hao wa mijini, ikifika Desemba, hujazana kwenye vituo vya mabasi wakienda 'ocha' kula Krismasi.

Vijana hawapaswi kulaumiwa peke yao. Sisi wazee tuna dharau zetu. Tunawaita wasiojua kitu, wa kizazi cha simu, wasioweza kusoma kitabu hadi mwisho. Mzee anayemcheka kijana kwa kutojua kukamua ng'ombe na kijana anayemcheka mzee kwa kutojua kupakua programu ya simu wote wamefanya kosa moja. Kila mmoja amedhani kwamba uwanja wake ndio dunia.

Hapa ndipo ninapomkumbuka Juha. Kati ya maneno yote niliyoyataja, lake ndilo ninalolipenda, kwa sababu katika ngano zake msikilizaji huanza kwa kumcheka na kumaliza akijicheka mwenyewe. Maneno mengine hayampi msikilizaji nafasi hiyo. Na kama ni lazima tumtafutie jina anayemcheka mgeni wa mji, Kiswahili tayari kinalo: ni limbukeni. Ameuonja mji juzi, na leo anapiga honi.

Sipendekezi kwamba 'mshamba' liondolewe kamusini. Kamusi ni kumbukumbu ya tulivyo, si ya tunavyotamani kuwa. Mwandishi wa riwaya atalihitaji ili mhusika wake mwenye kiburi alitamke. Mwanahistoria atalihitaji ili aeleze tulikotoka. Gazeti linaweza kulinukuu likitoka kinywani mwa mtu. Lisichoweza kufanya ni kulitamka kwa sauti yake lenyewe, juu ya mzee aliyeuza ng'ombe wawili.

Taarifa ilichapishwa siku iliyofuata ikiwa na neno 'Mkulima'. Yule mwanahabari chipukizi alipita mezani pangu na gazeti mkononi, akaniambia kwamba babake hulima mahindi na hulisoma gazeti hili kila siku akiwa kwenye duka la kijijini kwao.

"Angelisoma lile neno, mwanangu, angesema nini?" nikamuuliza.

Alifikiri kidogo. "Hangesema kitu," akanijibu. "Angelikunja tu gazeti."